Kufuata maua ya machipuko vijijini Uingereza: mwongozo kwa anayetembea kwa miguu

Aliyekulia Dar es Salaam anajua kwamba mkrismasi huwaka mwekundu Desemba inapokaribia, na wa Nairobi anajua kwamba mijakaranda humwaga maua yake barabarani mwezi wa Oktoba, kwa hiyo mti wenye msimu wake si jambo geni kwetu. Kinachomshangaza mgeni katika vijiji vya Uingereza ni jinsi msimu wenyewe ulivyo mfupi na jinsi ulivyogawanywa, maana kila ua limepewa wiki zake mbili au tatu, na zikishapita hulioni tena mpaka mwakani. Mwaka wangu wa kwanza nilisikia sifa za misitu inayogeuka kuwa ya buluu, nikapanga kwenda siku nilizopata likizo, katikati ya Juni. Nilikuta majani ya njano yamelala chini kana kwamba kundi la mbuzi limepita juu yake, na makangaga yaliyonifika kiunoni. Buluu sikuiona hata tone.

Mwongozo huu unamlenga Mswahili anayeishi, anayesoma au anayetembelea ndugu Uingereza, na ambaye angependa kutumia siku zake za mapumziko kutembea mashambani kati ya Machi na mwisho wa Mei. Kabla ya yote, neno moja kuhusu istilahi: baadhi ya kamusi hutafsiri majira haya kuwa masika, jambo linalopotosha, kwa sababu masika kwetu ni mvua kubwa, ilhali hapa kinacholeta maua ni mwanga na joto kurejea. Nitatumia neno machipuko. Majina ya maua mengi hayana Kiswahili kilichozoeleka, hivyo nitayaandika kwa matamshi yetu na, panapohitajika, nitataja jina la kitaalamu ili uweze kulitafuta.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini maua hutangulia majani

Jijini London mchana wa tarehe 21 Desemba hautimizi urefu wa saa 8, ilhali ule wa tarehe 21 Juni huzidi saa 16. Mialoni na miti mingine mikubwa ya huku hupukutisha majani yote wakati wa baridi, na kwa hiyo kuanzia Februari jua linaloanza kupanda hufika ardhini msituni bila kizuizi. Hali hiyo haidumu. Majani mapya yakishakunjuka, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, msitu hufunikwa juu, na kufikia Juni chini kunakuwa na kivuli kizito. Mimea midogo ya msituni, basi, ina miezi mitatu hivi ya kuota, kuchanua, kutembelewa na nyuki na kuweka akiba ya chakula katika vitunguu na mizizi yake kabla giza la kijani halijaifunika. Ukilielewa hilo, hutahitaji kukariri ratiba. Utatazama juu kwanza, uone matawi yamefikia wapi, ndipo utazame chini.

Kwa ujumla mpangilio wenyewe huwa hivi. Sinodropu, kiua cheupe kinachoinamisha kichwa, hujitokeza Januari na Februari wakati bado kuna barafu. Machi huleta selandini za njano zinazong'aa kama zilizopakwa mafuta, dafodili mwitu na primirozi. Anemoni nyeupe za msituni hufuata mwishoni mwa Machi na kuendelea Aprili. Kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei ndio wakati wa blubeli, zile zinazoigeuza misitu kuwa ya buluu, na sambamba nazo huchanua kitunguu saumu mwitu, ambacho utakinusa kabla ya kukiona. Maua ya kusini hutangulia yale ya kaskazini kwa wiki kadhaa, na mwaka wenye joto la mapema unaweza kusogeza ratiba nzima mbele, kwa hiyo tarehe zozote unazopewa na mtu, zikiwamo hizi zangu, zichukue kuwa makadirio.

Hatua ya pili: chagua msitu mmoja ulio karibu nawe

Huu ndio ushauri ambao marafiki zangu wengi huupuuza. Wao hutaka kuanzia mahali palipo maarufu, wakodi gari, waende siku moja, wapige picha mia tatu na kurudi. Mimi nashauri utafute msitu mmoja unaofikika kwa basi, kwa treni au kwa miguu kutoka unakoishi, uende huko kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi ya mwisho ya Mei, na upite njia ile ile. Hizo ni safari sita au saba. Aliyeuona msitu mmoja mara saba ameona machipuko, ilhali aliyekwenda misitu saba mara moja moja huenda akakuta blubeli katika yote na asijue kilichotangulia wala kilichofuata.

Tafuta msitu wa kale. Kwa Uingereza iliyo kusini mwa Scotland, neno hilo lina maana mahususi, yaani msitu uliokuwapo mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla yake. Umri una maana kwa sababu maua mazuri zaidi ya msituni hutambaa polepole mno: anemoni hujipanua kwa takribani mita mbili katika miaka mia moja, na blubeli iliyoota kutokana na mbegu huhitaji miaka mitano au zaidi ndipo itoe ua lake la kwanza. Ukikuta zulia zima la anemoni chini ya mialoni, unatazama kitu kilichoanza kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa. Mashirika ya Woodland Trust na National Trust yana orodha za misitu iliyo wazi kwa umma katika tovuti zao, na mingi haina kiingilio. Usiwasahau pia wenyeji, hasa wazee wanaotembeza mbwa asubuhi. Mwingereza asiyekusalimu kwenye treni atakueleza kwa nusu saa mahali blubeli zinapochanua, mradi mkutane kijijini.

Hatua ya tatu: jifunze ramani na mishale

Uingereza na Wales zina takribani kilomita 225,000 za njia ambazo kila mtu ana haki kisheria ya kuzipita, nyingi zikikatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi. Hilo humtia aibu mgeni kutoka kwetu, kwani njia inaweza kukupitisha kando ya dirisha la jiko la mkulima, nawe umezoea kwamba uani kwa mtu huingii bila hodi. Hodi haihitajiki. Unachotakiwa ni kubaki njiani na kuliacha kila geti kama ulivyolikuta: lililofungwa ulifunge nyuma yako, na lililoachwa wazi kwa makusudi uliache wazi, maana huenda ndiko mifugo inakopita kwenda kunywa maji.

Kwenye nguzo za mageti utaona mishale ya rangi. Wa njano ni wa watembeao kwa miguu peke yao. Wa buluu huruhusu pia farasi na baiskeli. Wa zambarau huongeza mikokoteni. Na mwekundu ni wa njia iliyo wazi hata kwa magari. Ramani bora kwa kazi hii ni ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, iitwayo Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa na kipimo cha 1:25,000, ambamo njia za miguu huchorwa kwa vistari vya kijani na misitu hupakwa kijani hafifu. Ramani hizo zipo pia kwa programu ya simu, lakini mabondeni mtandao hukatika, kwa hiyo pakua eneo lako kabla ya kutoka nyumbani au beba ya karatasi. Scotland ina utaratibu wake: sheria ya mwaka 2003 inampa mtu uhuru wa kutembea karibu kila mahali, mradi awe mwangalifu na asiharibu.

Chunguza usafiri wa kurudi kabla ya ule wa kwenda. Mabasi ya vijijini siku ya Jumapili ni machache au hayapo kabisa, na saa za nchi nzima husogezwa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, siku ambayo watu wengi, nami nikiwamo, wamewahi kusimama kituoni wakisubiri basi lililokwisha kuondoka.

Hatua ya nne: vaa kwa ajili ya matope

Hapa sina mengi. Machi na Aprili njia huwa tope tupu hata kama mvua haijanyesha kwa siku tatu, hivyo vaa gambuti au buti za kutembelea zisizopitisha maji, soksi nene, suruali ndefu na nguo mbili tatu nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, pamoja na koti la mvua. Chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi si lazima, ila sijawahi kuona mtu akiijutia.

Hatua ya tano: piga goti na utazame

Wengi hutembea juu ya maua wakiwa wamesimama wima, wakaona rangi tu. Maua ya machipuko ni madogo na siri zake ziko sentimita kumi kutoka ardhini, kwa hiyo beba kipande cha nailoni cha kupigia goti na, ukiweza, kioo kidogo cha kukuzia.

Anza na primirozi, ambayo ina petali za njano iliyofifia kama siagi, zenye kikato mwishoni. Tazama katikati, penye tundu. Katika mmea mmoja utaona kitu cha kijani chenye umbo la kichwa cha pini kikichungulia nje. Hiyo ni stigma, sehemu inayopokea chavua. Sogea hatua chache, utazame mmea mwingine, na huenda kichwa hicho kisionekane, badala yake ukaona duara la vifuko vitano vya chavua vikiwa vimeziba mdomo wa tundu. Maua yote ya mmea mmoja huwa ya aina moja, ya pini au ya vifuko, wala hayachanganyiki. Charles Darwin alichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 1862: mdudu anayeingiza ulimi wake katika ua la vifuko hupakwa chavua mahali pa juu, pale pale panapogusa stigma ndefu ya ua la pini, na akitoka kwenye pini hubeba chavua ya chini inayofaa stigma fupi ya mwenzake, hivyo mimea hulazimika kuoana na jirani badala ya kujioa yenyewe. Kuhesabu pini na vifuko kandokando ya njia ni mchezo unaowanyamazisha hata watoto waliochoka kutembea.

Blubeli huhitaji jicho la kutofautisha, kwa kuwa ziko mbili, na moja ni mgeni. Ya asili, Hyacinthoides non-scripta, ina shina linaloinama juu kama shingo ya korongo, na maua yake huning'inia upande mmoja. Kila ua ni bomba jembamba ambalo ncha zake zimekunjwa kurudi nyuma, chavua yake ni ya rangi ya maziwa, na harufu yake ni tamu. Ile ya Hispania, iliyoletwa kuwa pambo la bustani, husimama wima, maua yake yanazunguka shina pande zote na yamefunguka kama kengele pana, chavua yake kwa kawaida ni ya buluu, majani yake ni mapana zaidi na harufu yake ni hafifu sana. Kwa vile hizo mbili huzaliana, karibu na nyumba za watu utakuta chotara zenye sifa za pande zote mbili. Uingereza inakadiriwa kuwa na takribani nusu ya blubeli zote za asili duniani, ndiyo maana wenyeji huzizungumzia kama watu wa Moshi wanavyouzungumzia mlima.

Kuhusu picha, simu nyingi hugeuza buluu hiyo kuwa zambarau, hasa jua la mchana likiwa kali. Nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu, shusha simu karibu na ardhi ili maua yaliyo mbali yajipange nyuma ya yaliyo karibu, na usimame njiani. Anemoni na selandini ni kinyume chake, kwani hufunga petali zake usiku, wakati wa mvua na hata wingu zito likipita. Ukifika saa moja asubuhi utadhani hazipo. Zitembelee kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku yenye jua, nazo zitakuwa zimefunguka zote zikiuelekea mwanga.

Hatua ya sita: inua macho uone miti

Uzio wa mashamba ya Uingereza mara nyingi ni wa miti hai, na humo miwili hubishaniwa kila mwaka. Blakithoni, Prunus spinosa, huchanua Machi na Aprili kabla ya kutoa majani, hivyo utaona maua meupe yameshikamana na matawi meusi yaliyo matupu. Baridi ikirejea wakati huo, wazee wa vijijini huiita baridi ya blakithoni. Hothoni, Crataegus monogyna, hufanya kinyume: majani kwanza, maua baadaye, kwa kawaida katika mwezi wa Mei, hata Waingereza wakaliita ua lenyewe kwa jina la mwezi huo. Jina hilo lina kasoro ndogo ya kihistoria, kwa sababu mwaka 1752 Uingereza ilibadilisha kalenda na kuruka siku 11, hivyo Mei mosi ya sasa hufika mapema zaidi kuliko ile ya zamani, na katika maeneo mengi hothoni haiwahi kuchanua siku hiyo.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa Mei, nikampeleka matembezini nikitaka kumwonyesha hothoni, ambayo siku hiyo ilikuwa imefunikwa na maua kama iliyomwagiwa tui. Alisogea, akainusa, akarudi nyuma.

“Mwanangu, hapa pana samaki ameoza.”

“Hapana, shangazi, ni maua haya haya.”

“Basi maua haya yamevuliwa jana.”

Hakukosea. Hothoni ina kemikali iitwayo trimethilamini, ile ile inayompa samaki aliyelala harufu yake, na ambayo hutokea pia nyama inapoanza kuoza. Nzi huvutwa nayo na kusaidia kuchavusha. Bila shaka ndiyo sababu mojawapo ya imani ya Waingereza wa zamani kwamba kuingiza tawi la hothoni ndani ya nyumba huleta kifo. Shangazi alipoelezwa habari hiyo alisema wazee wa huku walikuwa na akili.

Kwa maua ya miti ya matunda, kaunti za Kent na Herefordshire ndizo zinazojulikana zaidi, ya kwanza kwa cheri na tufaha, ya pili kwa matufaha ya kutengenezea saida, pombe ya matufaha. Kwa kawaida miplamu hutangulia, mipeasi na micheri hufuata, na mitufaha hufunga msimu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Ukitaka kutofautisha mpeasi na mtufaha kwa mbali kidogo, angalia rangi: ua la peasi ni jeupe kabisa na vifuko vyake vya chavua vina wekundu wa zambarau, ilhali tufaha lina vichipukizi vya waridi na vifuko vya njano. Bustani hizi ni mali ya wakulima wanaozitegemea kwa riziki, na usiku mmoja wa barafu ukiangukia maua yaliyofunguka unaweza kuondoa sehemu kubwa ya mavuno, hivyo pita katika njia ya umma peke yake na usivute tawi kwa ajili ya picha.

Hatua ya saba: acha ua mahali pake

Sheria ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, na ina orodha ya mimea adimu isiyoruhusiwa hata kuchumwa. Blubeli iliongezwa katika orodha hiyo mwaka 1998, ila kwa upande wa kuuzwa peke yake, ili kuzuia biashara ya vitunguu vyake vilivyochimbwa misituni. Kuchuma ua moja la kawaida kwa matumizi yako mwenyewe si lazima kuwe kosa, lakini katika hifadhi nyingi hairuhusiwi, na kwa maoni yangu halina faida, kwani blubeli iliyochumwa hulegea kabla hujafika kituoni.

Kinachodhuru zaidi kuliko mkono ni mguu. Jani la blubeli likikanyagwa halitengenezi chakula tena, kitunguu hukosa akiba, na mahali hapo panaweza kubaki patupu kwa miaka. Mtu mmoja akitoka njiani kupata picha nzuri, wa pili huona alama ya nyayo na kudhani ni njia, na kufikia Jumapili jioni njia hiyo ipo kweli. Watanzania tuna mfano wetu katika Kitulo, uwanda wa maua ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Huko okidi zimekuwa zikichimbwa kwa ajili ya viazi vyake, vinavyopelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Aliyeiona Kitulo hahitaji kuelezwa kwamba ua lililo tele leo linaweza kuisha.

Hatua ya nane: jihadhari na haya

Kitunguu saumu mwitu huliwa, na watu wa huku hukisaga na mafuta na jibini kuwa kachumbari nzito ya kulia tambi. Hatari yake ni kwamba huota palepale penye Arum maculatum, mmea wenye sumu ambao majani yake machanga hufanana nacho. Usitegemee pua peke yake, maana ukishashika majani machache vidole vyote hunuka saumu na kila jani litaonekana kuwa salama. Tazama jani moja moja: la saumu lina mishipa inayokwenda sambamba kutoka shina hadi ncha, ilhali la arumu lina mishipa iliyosukwa kama wavu na, likikomaa, huwa na umbo la kichwa cha mshale. Usiyejua, usichume.

Mwezi wa Mei kingo za barabara hujaa maua meupe yenye umbo la mwavuli. Mengi hayana madhara, ila miongoni mwa jamaa zake yumo hemloki, ambayo shina lake ni laini na lina mabaka ya zambarau, na ambayo inaweza kuua. Kanuni rahisi ni kutogusa mwavuli wowote mweupe.

Kupe nao huanza kuamka wakati huu, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, jikague ufikapo nyumbani, hasa nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele za watoto, na kupe uliyemkuta mng'oe kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Ukiona duara jekundu linalopanuka katika wiki zinazofuata, mwone daktari. Ng'ombe wenye ndama wapishe mbali, na kama una mbwa na ng'ombe wakakujia, mwachie mbwa akimbie. Wenye mafua ya chavua wajue kwamba miti huwasumbua zaidi Aprili, na nyasi kuanzia Mei. Nambari ya dharura ni 999.

Hatua ya tisa: baada ya msitu wako, nenda mbali

Ukishauzoea msitu wako, ziko safari chache ninazoona zinastahili nauli. Bonde la Farndale, Yorkshire Kaskazini, lina dafodili mwitu kandokando ya mto Dove, kati ya vitongoji vya Low Mill na High Mill, mwendo wa takribani kilomita mbili na nusu kwa upande mmoja. Wakati wake ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, na bonde lilifanywa hifadhi mwaka 1955. Dafodili hizi ni fupi na zimefifia kuliko zile za dukani, na atakayetarajia zile za dukani atasikitika. Eneo la Dymock, Gloucestershire, lina dafodili hizo hizo na umati mdogo zaidi. Dockey Wood katika eneo la Ashridge, Hertfordshire, ni maarufu kwa blubeli kiasi kwamba National Trust imelazimika kuweka njia maalumu na kutoza kiingilio wikendi za msimu. Nenda katikati ya wiki.

Lakini kama una nafasi ya safari moja tu, nenda North Meadow, Cricklade, katika kaunti ya Wiltshire, nusu ya pili ya Aprili. Unafika kwa treni hadi Swindon, kisha basi. Ni mbuga ya nyasi iliyo kando ya mto Thames ukiwa bado mchanga, ambayo hufurika wakati wa baridi, huachwa nyasi zikue, kisha hufyekwa mwezi wa Julai kwa ajili ya mifugo, mpango uliofuatwa kwa karne nyingi. Humo huota takribani asilimia 80 ya fritilari za mwituni za Uingereza nzima. Fritillaria meleagris ni kengele inayoning'inia kwenye shina jembamba kama uzi, yenye vijisanduku vya zambarau iliyokolea na iliyofifia vilivyopangwa kama ubao wa drafti, kwa usahihi ambao unadhani mtu alitumia rula. Hapa na pale huzuka moja nyeupe kabisa. Uingereza imepoteza takribani asilimia 97 ya mbuga za maua za namna hii tangu miaka ya 1930, nyingi zikilimwa au kutiwa mbolea, kwa hiyo unachokiona ni mabaki. Mafuriko yakikaa muda mrefu maua huwa machache, hivyo angalia taarifa za hifadhi kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya mwisho: andika tarehe

Ukirudi, safisha buti kwa brashi ili usihamishe mbegu na magonjwa ya miti kutoka msitu mmoja hadi mwingine, kisha andika mistari mitatu katika daftari: tarehe, mahali, na ni nini kilichokuwa kimechanua, kilichokuwa kwenye vichipukizi na kilichokuwa kimepita. Mwaka wa kwanza daftari hilo litaonekana kama kazi ya shule. Mwaka wa pili ndilo litakalokuambia siku ya kuomba likizo.

Shangazi hupiga simu kila Mei inapoanza. Baada ya salamu na habari za watoto huuliza, “Ule mti wa samaki umeshachanua?” Nami hufungua daftari kabla ya kumjibu.